Chuku na Kifo cha John Henry katika Vitabu vya Picha vya Watoto

Mtu mzima anayemsomea mtoto kitabu cha picha hushika nafasi ya fanani pasipo kupewa uhuru wake. Maneno amekwisha kuandikiwa. Sura ya shujaa, ambayo katika masimulizi ya mdomo kila msikilizaji hujichorea mwenyewe, imekwisha kuchorwa. Na mtoto, ambaye macho yake hutangulia masikio, huwa amelifikia tukio kabla msomaji hajalitamka. Katika makala haya nakusudia kulichunguza tatizo hilo kwa kuangalia vitabu vya watoto juu ya mashujaa wa mapokeo ya Kimarekani, na hasa John Henry, kitabu kilichoandikwa na Julius Lester na kuchorwa na Jerry Pinkney mwaka 1994. Hoja yangu ni kwamba chuku, ambayo ndiyo mbinu kuu ya mighani hii, haifanyi kazi moja katika vitabu vyote, na anayevisoma vyote kwa sauti ileile ya kuchekesha humnyima mtoto jambo kubwa.

Katika vitabu vya watoto vya Marekani, Paul Bunyan, Pecos Bill na John Henry huwekwa pamoja kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Sivyo. Masimulizi ya Paul Bunyan, lile jitu likatalo miti pamoja na fahali wake wa buluu, yalikuwa na mizizi katika kambi za wakata miti. Lakini yalienea hasa kwa vijitabu ambavyo William Laughead alianza kuviandika mwaka 1914 ili kuitangazia biashara kampuni ya mbao ya Red River. Pecos Bill naye alipata jina kwa makala ya Edward O'Reilly ya mwaka 1923. Ndiyo maana Richard Dorson, mwaka 1950, aliziita hadithi za namna hii fasihi simulizi ya bandia.

Mimi siendi mbali kama Dorson. Hadithi iliyolelewa na tangazo la biashara yaweza ikawa tamu, na Paul Bunyan ya Steven Kellogg (1984), yenye picha zilizosheheni vituko, ni tamu kweli. Lakini yafaa tuulize chuku inafanya kazi gani katika mighani hiyo. Inamkuza mtu na kuidogosha nchi. Misitu mikubwa ya misonobari ya Michigan, Wisconsin na Minnesota, ambamo Waojibwe walikuwa wakiishi, ilifyekwa kwa muda wa miongo michache. Katika mapokeo haya ukataji huo ni mchezo, na nyayo za jitu na fahali wake hugeuka maziwa. Mtoto hucheka, na anayo haki ya kucheka.

Chuku ya John Henry imetoka kinywa kingine. Iliimbwa na vibarua weusi, wakiwamo waliochimba mahandaki ya reli katika milima ya Virginia na West Virginia baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865. Kazi yenyewe ilikuwa kugongomea tindo mwambani, mmoja akipiga nyundo na mwenzake akiishika tindo na kuizungusha, ili baruti ipate tundu la kutiwa. Wimbo ndio uliopanga mapigo. Nyundo iliyokosea ingeweza kumvunja mwenzake mkono. Nyimbo husimulia kwamba John Henry alishindana na kekee ya mvuke, akaishinda, kisha akafa. Kumfanya kibarua wa namna hiyo awe mkubwa kuliko mlima ni dai la watu ambao hakuna mwingine aliyekuwa tayari kuwasifu.

Lester ameielewa tofauti hii. Mtoto wake anapozaliwa wanyama huja kumtazama. Hukua ghafla hata akatoboa paa la baraza. Jua likichelewa kuamka hulikaripia. Na akifanya kazi kwa nyundo zake mbili upinde wa mvua humzunguka mabegani. Mlio wa nyundo hurudiwarudiwa kwa tanakali, na hapo msomaji hana budi kuongeza sauti hata kama ni mpole. Pinkney, kwa upande wake, hakufuata chuku hiyo mpaka mwisho. Rangi zake za maji, pamoja na mistari ya penseli, zinamwonyesha mtu: uso wake ni uso tunaoweza kukutana nao njiani. Maneno yanapaa, picha zinabaki ardhini, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye uzuri wa kitabu hiki. Ezra Jack Keats, katika kitabu chake cha mwaka 1965 juu ya shujaa huyuhuyu, alitumia picha nzito zenye kishindo, nazo zinavutia. Lakini picha na maneno yakipaa pamoja, mtoto hubaki bila ya mahali pa kukanyaga.

Kasoro ya kitabu cha Lester iko mwishoni. Baada ya shujaa kuanguka, mwandishi anatuambia kwamba kufa si jambo la maana, kwa kuwa kila mtu atakufa. La maana ni jinsi mtu alivyoishi. Hapo fanani amegeuka mhubiri, naye anajibu swali ambalo mtoto hajapata nafasi ya kuliuliza: kwa nini aliyeshinda ndiye aliyekufa? Kisha yasemwa kwamba maiti ilipelekwa Washington ikazikwa usiku katika uwanja wa Ikulu, Rais akiwa amelala. Jambo hili halikubuniwa na Lester peke yake, kwani nyimbo kadhaa za kale zataja kuzikwa mchangani penye nyumba nyeupe. Lakini mwaka 2006 mwanahistoria Scott Reynolds Nelson alitoa hoja kwamba nyumba hiyo ilikuwa jengo la gereza la Richmond, Virginia. Karibu na hapo mifupa ya watu wapatao 300 ilifukuliwa mwaka 1992. Kwa maelezo yake, John Henry alikuwa mfungwa aliyekodishwa kwa kampuni ya reli, kijana mfupi wa kimo, na yaelekea aliuawa na vumbi la mawe lililojaa mapafuni. Si wataalamu wote wanaokubaliana naye. Wengi wangali wakishikilia handaki la Big Bend huko Talcott, ambako sanamu ya shujaa ilisimamishwa mwaka 1972. Hata hivyo, baada ya Nelson, sijui ni nani awezaye kuusoma ukurasa ule wa Ikulu kwa sauti nyepesi.

Sisi tuliokuzwa na habari za Fumo Liyongo hatuoni ajabu shujaa kufa mbele ya watoto. Sindano ya shaba haifichwi, wala aliyeichoma hafichwi, naye ni mwanawe mwenyewe.

Mwaka 2008 Nelson, akisaidiana na Marc Aronson, alitoa kitabu cha vijana juu ya utafiti huo. Humo zimo picha halisi za vibarua na reli, na gereza limetajwa kwa jina lake. Chuku haimo. Mtoto wa miaka sita hatakivumilia; wa miaka kumi na miwili, aliyekwisha kusomewa kile cha Pinkney, atakishika mwenyewe akitafuta nyundo zilikwenda wapi.