Fundi Asiyebahatisha

Gari lisilowaka kabisa halimtishi fundi. Kosa lipo palepale, halina pa kwenda. Linalopima ufundi ni lile linalomisi likitaka: barabarani linashtukashtuka, likifika gereji linanguruma vizuri, mwenyewe anabaki kuapa kwamba hakusema uongo.

Chukua Peugeot 504, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na lililobeba abiria wa masafa marefu nchini Kenya kwa miaka mingi. Lile la kabureta halina kompyuta ya kutunza kumbukumbu ya kosa. Injini yake ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika hudai cheche 100 kila sekunde, tena kwa zamu: 1, 3, 4, 2. Zikikosekana chache tu, dereva anazihisi mgongoni.

Fundi mwenye pupa atabadilisha plagi, kisha nyaya, kisha koili. Huko ni kubahatisha kwa pesa za mwenzako. Ninayemsifu mimi huanza kwa kuuliza. Linamisi likiwa baridi au likishapata moto? Baada ya mvua? Ukikanyaga mafuta sana, au ukienda nalo taratibu? Kila jibu humpunguzia pa kutafuta, maana koili mbovu mara nyingi hushindwa ikipata joto, na kifuniko cha distribyuta chenye ufa huvujisha umeme kikipata unyevu. Akizishuku plagi, anahamisha moja tu, ya silinda ya pili aipeleke ya tatu, aone kama misi nayo itahama. Akigusa viwili kwa mpigo gari likapona, hatajua dawa ilikuwa ipi.

Kosa ninalolistaajabia kuliko yote ni la kijiwaya kinachopeleka umeme kwenye platini, ile swichi ya cheche iliyo ndani ya distribyuta. Bamba lililobeba platini huzungushwa kidogo na mvuto wa hewa ya injini, ili cheche iwahi gari linapokwenda bila kulemewa. Kwa kuvutwavutwa huko, nyuzi za shaba hukatika ndani kwa ndani, ganda la nje likabaki zima. Injini ikiwa sailensa, gari limesimama, ncha za nyuzi hizo zinagusana. Safarini bamba likigeuka, zinaachana. Kwa macho huoni kitu, na hapo ndipo wengi huanza kununua vipuri.

Fundi wangu huuchomoa mpira wa mvuto kwenye kabureta, akautia mdomoni na kunyonya. Bamba linageuka; injini inamisi. Anaachia, inatulia. Hajafungua nati hata moja, na tayari kosa linakuja na kuondoka kwa amri yake. Kubadilisha kijiwaya chenyewe ni kazi ndogo, ya bei ndogo, hata mwanagenzi anaweza kuachiwa. Lakini kabla ya kukigusa, fundi humwita mwenye gari asogee kwenye boneti, kisha ananyonya tena, ili naye asikie.