Orodha ya watawala inaficha walioshindwa

Munyigumba, Mkwawa, Sapi, Adam Sapi. Baba kwa mwana, basi. Ndivyo tulivyokaririshwa watawala wa Wahehe, na maksi tukapata. Lakini hebu tuikague hiyo orodha.

Munyigumba alipofariki, mwaka 1879 hivi, Mkwawa hakukabidhiwa kiti. Mwambambe, mkwe wa marehemu, aliking'ang'ania, na Mkwawa akakimbilia Ugogo kabla ya kurudi kupigana. Mwaka 1896, Mkwawa akiwa bado porini, Wajerumani walimsimika mdogo wake, Mpangile. Mwaka uliofuata wakamnyonga. Kwenye orodha hayumo.

Huku Ruaha, Kilosa, mstari wa baba kwa mwana unapotosha zaidi. Wavidunda, kama Wakaguru na Wasagara, kwa desturi huhesabu ukoo kwa mama: cheo cha mjomba humwendea mpwa, mtoto wa dada. Ukichora mti wa baba tu, mrithi halali haonekani kabisa, na mtoto wa hapa anajifunza kwamba kwao hakukuwa na utaratibu.

Orodha si ushahidi, ni hukumu ya aliyeshinda. Ukipewa nyingine, uliza mawili: nani alishindwa, na dada wa mtawala alizaa nani?