Ziba Mpanda Farasi kwa Kiganja

Isiolo haina farasi wengi. Ukisimama kwenye soko la mifugo utahesabu ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo mpaka uchoke, na punda watakupita wakivuta mikokoteni ya mitungi ya maji, lakini farasi utamkosa. Ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaoenezwa na visubi, humuua farasi mgeni katika siku chache, ilhali punda milia hubeba virusi hivyohivyo na kuendelea kula majani kama kawaida. Neno hata hivyo tunalo. Waborana humwita farda, Wasomali faras, na wazee waliovuka Moyale kwenda kwa jamaa zao Ethiopia wamewaona Waborana wa upande ule wakiwa juu ya migongo yake.

Nayataja haya mapema kwa sababu kitabu ninachokitumia kumfundisha mtu kupima hadithi ya mnyama ni cha farasi, tena wa mbali. Kinaitwa Smoky the Cowhorse. Aliyekiandika ni Will James, mchunga ng'ombe wa magharibi ya Marekani, mmoja wa wale tunaowaita makauboi, na michoro yake aliichora mwenyewe. Kilitoka 1926, na mwaka uliofuata kikapewa Tuzo ya Newbery, tuzo kubwa ya vitabu vya watoto huko Marekani. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini watu wa ngamia wasome habari za farasi wa Montana. Jibu langu ni kwamba mfugaji ana jicho ambalo mhakiki wa mjini hana, na jicho hilo hufanya kazi vizuri zaidi likipewa mnyama ambaye halijamzoea.

Nilimpelekea kitabu hicho jirani yangu, mzee wa Kiborana aliyechunga ngamia maisha yake yote kati ya Merti na Kulamawe. Kiingereza hasomi. Akafungua ukurasa wenye farasi anayemtupa mtu: kichwa kimezama kati ya miguu ya mbele, mgongo umepinda kama upinde, kwato zote ziko hewani. Mzee hakusema neno. Akaweka kiganja juu ya picha, akamziba yule mpanda farasi, akatazama kilichobaki.

"Bado kuna mtu juu yake," akasema.

Tangu siku ile sijapata kipimo kingine kinachokifikia hicho. Mzibe mpandaji, umtazame mnyama peke yake. Katika mchoro dhaifu, ukimwondoa mtu, farasi hubaki amesimama vilevile kama kiti kilichoachwa na mgeni, kwa sababu mchoraji alimchora farasi kwanza kisha akambandika mtu. Katika mchoro wa James, mgongo unaujua uzito hata usipouona. Misuli ya bega imekaza upande mmoja, shingo imekwenda kinyume na mahali mtu alipoegemea, masikio yamelala nyuma. Mandhari mara nyingi hakuichora kabisa, ni vumbi kidogo tu chini ya kwato na karatasi tupu. Hakuihitaji, maana kila kilichotokea kimeandikwa mwilini mwa mnyama.

Kipimo cha pili ni cha mtoto yeyote aliyelala manyattani. Uliza: mnyama huyu anainukaje? Ng'ombe akiinuka hutanguliza miguu ya nyuma, matako yakapanda juu huku magoti ya mbele yangali chini. Ngamia naye huinua sehemu ya nyuma kwanza, ndiyo maana anayempanda kwa mara ya kwanza nusura amwagike kupitia shingoni. Farasi ni kinyume: hunyoosha miguu ya mbele, akakaa kidogo kama mbwa, kisha akasukuma kwa nyuma. Punda ni hivyohivyo. Nimeona vitabu vya watoto vyenye rangi za kupendeza ambamo farasi anainuka kama ng'ombe, na watoto waliotoka Garba Tulla wakacheka kabla mwalimu hajamaliza kusoma sentensi. Baada ya kicheko hicho hadithi haikuokoka. Mwandishi aliyekosea namna mnyama anavyoinuka hawezi kuaminiwa anapoeleza namna anavyoogopa.

Mwendo nao ni hivyo. Ngamia hutembea kwa kupeleka mbele miguu miwili ya upande mmoja pamoja, kisha ya upande wa pili, na kutoka hapo unapata ule mwendo wa kuyumba kama jahazi. Mchoraji asiyejua humpa ngamia miguu ya farasi. Na farasi mwenyewe alichorwa vibaya na mabingwa wa Ulaya kwa karne nyingi. Kila alipokimbia walimtandaza hewani, miguu ya mbele mbele na ya nyuma nyuma, mpaka Eadweard Muybridge alipompiga picha mfululizo California mwaka 1878. Ikaonekana kwamba farasi anayekimbia kwa kasi huiacha ardhi wakati miguu imekusanyika chini ya tumbo, si inapotandazwa. James alizaliwa baada ya picha hizo, lakini ninavyoamini mimi, alilijua jambo hilo kwa makalio yake zaidi kuliko kwa kitabu.

Nikiwa hapohapo kwenye michoro, ngoja nimtaje jirani yetu wa porini. Wachoraji wengi wakiambiwa wachore hifadhi za Samburu, Buffalo Springs au Shaba, huweka punda milia wa kawaida, yule wa nyika za kusini. Kweli naye yupo huku. Lakini mwenye nchi hii ni punda milia wa Grevy, ambaye sehemu kubwa sana ya waliobaki duniani wako kaskazini mwa Kenya. Alipewa jina la Jules Grévy, rais wa Ufaransa, aliyezawadiwa mmoja katika miaka ya 1880. Mtazame: mistari ni myembamba na imesongamana, tumbo ni jeupe bila mstari, masikio ni makubwa na ya mviringo kama vijiko vya upawa, na mtoto wake huzaliwa na mistari ya kahawia. Kitabu kinachosema kinasimulia habari za Isiolo na hakina masikio hayo, kifunge. Aliyekichora hakufika, au alifika akabaki ndani ya gari.

Upande wa maneno ni mgumu zaidi, na hapa ndipo wasomaji wengi huteleza, kwa sababu machozi hudanganya. Hadithi ya mnyama inaweza kukuliza na bado ikawa mbovu. Mimi nauliza swali moja: je, mnyama huyu anajua zaidi ya anavyoweza kujua? Katika Black Beauty ya mwaka 1877, Anna Sewell alimpa farasi ulimi, akasimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiingereza safi. Kitabu kile kina heshima yake, kiliwafungua watu macho kuhusu ukatili wa hatamu zilizokazwa kupita kiasi. Ila ukisikiliza kwa makini, anayesema si farasi, ni mama mwema anayewahurumia farasi. James alichagua njia nyembamba zaidi. Smoky hasemi. Tunajua anachokinusa, kinachomshtua, mkono upi aliuzoea na kamba ipi hakuisahau. Msimulizi ni kauboi, na lugha yake ni ya kauboi, yenye sarufi iliyokwenda upande kama kofia yake. Anapokisia moyo wa farasi, tunasikia kwamba ni mtu anakisia.

Sura ninayoipenda kuliko zote ni ya kufundishwa kwa Smoky. Kauboi anayeitwa Clint anampata farasi wa rangi ya panya ambaye hajawahi kuguswa, na James hana haraka. Kamba, kisha mkono, kisha blanketi, kisha tandiko, na kila kimoja kinamjia mnyama kama jambo geni lenye harufu yake. Kurasa nyingi zinapita kabla mtu hajapanda. Mhariri mwenye haraka angezikata, na angekuwa ameutoa moyo wa kitabu. Aliyewahi kumzoesha ngamia dume kubeba mzigo ataelewa kwa nini. Mtu hujifunza kungoja, na mwandishi hodari anakungojesha wewe pamoja naye.

Je, mwandishi akiwa mwongo? Will James alidai katika kitabu chake cha maisha, Lone Cowboy, cha mwaka 1930, kwamba alizaliwa Montana akalelewa na mtegaji wanyama baada ya wazazi wake kufa. Ukweli ni kwamba alizaliwa Quebec, Kanada, mwaka 1892, jina lake Joseph Ernest Nephtali Dufault, na Kifaransa ndiyo lugha aliyonyonya. Aliwahi kufungwa Nevada kwa kuiba ng'ombe. Alikufa mwaka 1942, pombe ikiwa imemmaliza, na siri ya kuzaliwa kwake wasomaji wake walikuja kuijua baadaye. Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Uamuzi wangu ni kwamba alidanganya kuhusu asili yake, lakini farasi hakumdanganyia hata unywele mmoja, na katika kazi hii mnyama ndiye shahidi ninayemsikiliza.

Nisichomsamehe ni kingine. Mtu anayemwiba Smoky na kumpiga mpaka anageuka mkali anaelezwa kwa damu yake: ni chotara, na kitabu kinataka tuamini kwamba ukatili wake unatoka humo. Hilo ni doa, tena si dogo. Mwandishi aliyempa farasi subira ya kurasa mia akamnyima binadamu hata ukurasa mmoja, amepima kwa mizani mbili. Ninapomsomea mtoto sura hizo humwambia hivyo waziwazi, kisha tunaendelea.

Kutoka hapo inafaa tuje nyumbani, maana Isiolo nayo ilikuwa na mwandishi wake aliyeshika kalamu kwa mkono mmoja na brashi kwa mwingine. Joy Adamson, mzaliwa wa Troppau, mji ambao leo uko Jamhuri ya Cheki, alikuja Kenya mwaka 1937. Mume wake wa tatu, George, alikuwa askari mkuu wa wanyamapori wa kaskazini, na makao yao yalikuwa hapa Isiolo. Mwaka 1956 George alimuua simba jike aliyemshambulia, akakuta ameacha watoto watatu. Wawili walipelekwa Rotterdam. Wa tatu, Elsa, alibaki, akalelewa, na mwaka 1960 dunia nzima ikamsoma katika Born Free.

Kama mchoraji, Joy alikuwa bora kwenye maua. Michoro yake ya mimea ina ile subira ya James kwa farasi: jani lililotobolewa na mdudu limechorwa na tundu lake. Picha zake za watu wa makabila ya Kenya ziko kwenye makumbusho Nairobi, na mavazi yamechorwa kwa uaminifu kuliko nyuso. Lakini Elsa alimletea msomaji kwa kamera, na hapo naona hasara. Kamera ilimpa simba aliyelala juu ya Land Rover, picha ambayo kila mtu anaikumbuka. Brashi ingemlazimisha atuambie uzito ulikaa wapi.

Maneno yake ni mazuri pale anapoangalia tu. Elsa akimnyonya kidole gumba ili atulie, Elsa akijifunza kwa taabu kuua mwenyewe: hapo unasoma kilichotokea. Anapoanza kutuambia kwamba simba anaona haya au anataka kumfariji, mnyama anatoweka na tunabaki na Joy. Na kuna pengo lingine. Nuru, aliyemtunza Elsa siku baada ya siku, anapita ndani ya kitabu kama kivuli. Alimjua simba yule kwa mikono. Ningetoa sura tatu za kitabu hicho nipate moja ya kwake. Kwa hiyo, unapopima hadithi ya mnyama wa huku kwetu, angalia pia ni nani mwingine aliyekuwepo na kama amepewa kinywa. Watu waliomjua ngamia kwa alama ya ukoo iliyochomwa shavuni wamekaa kimya kwenye vitabu vingi mno.

Kile kitabu cha farasi nilimmalizia yule mzee jioni kadhaa, nikimtafsiria. Smoky anaibwa, anakuwa farasi wa maonyesho anayetupa watu, anaitwa Cougar na watu wanalipa kumwona. Miguu ikichoka anakodishwa kwa wapanda farasi wa mjini, jina Cloudy. Mwisho anauzwa kwa mtu anayemfunga kwenye mkokoteni wa mboga, mbavu nje. Hapo ndipo Clint anapomkuta. Mwandishi wa kawaida angemfanya farasi alie kwa furaha palepale. James hakufanya hivyo. Clint anamrudisha nyumbani, anamlisha, na farasi anamtazama kama ukuta. Majira yote ya baridi yanapita kabla hajamjua tena.

Nilipofika pale mzee aliniinulia mkono ninyamaze. Nje, punda wa maji alikuwa akipita na mitungi yake, kijana akitembea kando, na mzee akawatazama mpaka wakakata kona.

"Majira hayo ya baridi ni miezi mingapi huko kwao?"

Nikamwambia mitano, pengine sita.

Akahesabu kwa vidole, polepole, akafika wa sita akaushika. "Rudi nyuma," akasema. "Nisomee tena kuanzia alipoibwa."