Heko kwa Mabingwa wa Saratani

Mwanamke wa Bagamoyo akigundua uvimbe kwenye titi, safari ya matibabu mara nyingi humpeleka Dar es Salaam: Hospitali ya Taifa Muhimbili kwa upasuaji, Taasisi ya Saratani Ocean Road kwa mionzi na dawa. Jengo la Ocean Road lilijengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1996 taasisi ikaanzishwa rasmi kwa sheria. Madaktari na wauguzi wa hospitali hizo mbili wanastahili heko ya pwani nzima.

Kisu chao kina elimu iliyotafutwa kwa subira. Zamani titi lote liliondolewa pamoja na misuli ya kifua. Mwaka 2002 Bernard Fisher wa Marekani na Umberto Veronesi wa Italia walitoa matokeo ya miaka 20: uvimbe ukiwa bado mdogo, aliyeondolewa sehemu tu ya titi yenye uvimbe na kupigwa mionzi aliishi sawa na aliyekatwa titi zima. Saratani ya ngozi nayo ilitoa funzo. Mwaka 1992 Donald Morton alieleza upimaji wa tezi ya kwanza inayopokea majimaji ya uvimbe. Njia hiyo ikahamia kwenye titi, ikawaepusha wengi na kuondolewa tezi zote za kwapa na kuvimba mkono baadaye.

Faida hizo humfikia anayewahi. Ndugu mwenye ualbino, aliye katika hatari zaidi ya saratani ya ngozi, aoneshe mapema kidonda kisichopona. Mama na dada wasingoje uvimbe uume. Mabingwa wetu wamejiandaa vya kutosha. Shukrani yetu kubwa kwao iwe kufika mapema.