Ziba Maandishi, Kisha Tazama

Ukibahatika kushika nakala ya Puck, gazeti la vichekesho la New York, anza na karatasi kabla ya siasa. Joseph Keppler, mzaliwa wa Vienna, alilianzisha kwa Kijerumani mwaka 1876 na kwa Kiingereza mwaka uliofuata. Michoro yake ilichorwa juu ya jiwe kwa kalamu ya mafuta, na katika chapa za rangi kila rangi ilikuwa na jiwe lake. Chapa safi ina punje laini kwenye vivuli, na rangi zake zimetulia ndani ya mistari. Nyekundu ikimwagika nje ya koti, mawe hayakulingana. Mkunjo wa katikati si kasoro, maana katuni kubwa ilitandazwa kurasa mbili.

Sasa ziba maandishi kwa kiganja. Wachoraji wa zama zile walipenda mno kuandika majina juu ya kofia, mifuko na matumbo, na katuni dhaifu ikinyang'anywa maneno hubaki kundi la wanaume wenye ndevu. "The Bosses of the Senate", ya Januari 1889, haitetereki. Mabwana wenye matumbo ya mifuko ya fedha wamesimama nyuma ya maseneta waliokuwa wadogo kama watoto wa shule, na mlango wa wananchi umefungwa. Majina ya makampuni yanatuambia ni nani. Ukubwa wa miili umeshasema nani anatawala.

Mchoraji Bernhard Gillam alipita njia nyingine mwaka 1884. Alimchora mgombea urais James G. Blaine akiwa amechanjwa kashfa zake mwilini. Hapo maneno ni ngozi yenyewe, huwezi kuyaziba bila kumziba mtu.

Kwangu mimi, kilele ni "Looking Backward" ya Keppler, Januari 1893. Matajiri gatini wamenyoosha mikono kumzuia mhamiaji fukara anayeshuka melini. Nyuma yao vimesimama vivuli vikubwa, na hakuna kivuli chenye koti la kitajiri: ni watu wa matambara, wao wenyewe au wazazi wao, kama walivyofika. Shtaka zima limebebwa na kivuli. Itazame polepole, kivuli kimoja baada ya kingine, ukilinganishe na mwenyewe.

Baada ya ufundi, uliza pigo limemwangukia nani. Thomas Nast wa Harper's Weekly alichora mwaka 1871 genge la Tweed, wezi wa fedha za jiji la New York, wamesimama duara, kila mmoja akimnyooshea kidole jirani yake. Mwaka huohuo akachora maaskofu Wakatoliki kama mamba wanaotambaa ufukweni kuwaendea watoto wa shule, kofia zao zikiwa mataya. Ubunifu wa mataya yale ni wa ajabu, pengine unalipita lile duara. Lakini duara liliwashtaki watu kwa walichokiiba, na mamba wale waliwashtaki watu kwa dini yao. Nikipanga daraja, duara liko juu, na mamba wako mbali chini yake.