"Alipotea": Kitenzi Kimoja katika Mashairi Yetu

Kila ifikapo Mei 3, Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari Duniani, wanafunzi wenzangu huandika mashairi ya kumwenzi Azory Gwanda. Nimeyasoma mengi. Kifani hayana ubaya: vina vimekaa, mizani haipungui. Ugomvi wangu ni na kitenzi kimoja. Karibu kila mshairi anasema Azory "alipotea".

Kwetu Ifakara kupotea ni neno la kila siku. Mbuzi hupotea, mtoto hupotea sokoni, na enzi za kivuko, kabla ya daraja, aliyezama Mto Kilombero tuliambiwa kapotea. Hapo utamuuliza nani? Maji? Maji hayo hayo huingia Rufiji, yakaenda kupita pande za Kibiti alikofanyia kazi Azory. Lakini jamani, Azory hakuchukuliwa na maji! Alikuwa mwandishi wa kujitegemea wa Mwananchi, akiripoti mauaji ya polisi na viongozi wa vijiji. Novemba 21, 2017, kwa maelezo ya mkewe, aliondoka na watu waliokuwa ndani ya gari jeupe. Hakurudi.

Julai 2019, Palamagamba Kabudi, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje, aliiambia BBC kwamba Azory alitoweka na kufa. Baadaye akadai hakueleweka vizuri. Hebu vitazame vitenzi hivyo. Mtendaji yuko wapi? Ndiyo sarufi ya mashairi yetu. Mshairi analia beti kumi, kumbe ameazima lugha ya waziri.

Linganisha na Daudi Mwangosi wa Channel Ten, aliyeuawa Septemba 2, 2012 kijijini Nyololo, Mufindi, huko juu ya milima tunayoiona kutoka bondeni. Waandishi wenzake walipiga picha, askari wakaonekana wamemzunguka. Julai 2016 Mahakama Kuu Iringa ilimfunga askari mmoja miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Mmoja tu kati ya wale wote, lakini kitenzi kilipata mtendaji.

Najua nitajibiwa kwamba ushairi una sheria zake. Sawa. Hesabu basi: a-li-po-te-a, a-li-po-te-zwa. Mizani ni ileile, tano kwa tano, ila hicho cha pili kinamlazimisha msomaji aulize: na nani? Kinachoharibika ni kina. Nilijaribu kwenye shairi langu la mwaka jana, maana nami niliandika "alipotea", na ikanibidi nivunje ubeti mzima nianze upya.