"Mnyororo wa Muda": Tafsiri Iliyopotosha Kazi

Katika kazi ya kuunda istilahi ipo kanuni ambayo hutajwa mara nyingi na kufuatwa mara chache: istilahi haitoshi kuwa Kiswahili tu, haina budi pia kueleweka na yule atakayeitumia kazini. Katika makala haya mafupi tunakusudia kuipima kanuni hiyo kwa istilahi moja ya ufundi wa magari.

Istilahi yenyewe ni "mnyororo wa muda". Tulikutana nayo katika karatasi ya maelekezo iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza, mikononi mwa mwenye gari mmoja wa Lutindi, katika milima ya Usambara, wilayani Korogwe. Kabla ya kuihukumu tafsiri hiyo, yafaa tukieleze kitu kinachotajwa.

Ndani ya injini ya mipigo minne, kila silinda huvuta hewa, huikandamiza, huwaka, kisha hutoa moshi. Krenki huzunguka mara mbili kwa mzunguko mmoja wa kamshafti, na kamshafti ndiyo inayofungua valvu. Mnyororo tunaouzungumzia huviunganisha viwili hivyo. Giya ya kamshafti ina meno maradufu ya ile ya krenki, na kila giya ina alama yake. Mnyororo ukifungwa bila alama hizo kukaa mahali pake, valvu hufunguka wakati usio wake, na katika injini nyingi valvu iliyo wazi hukutana na pistoni inayopanda.

Sasa tuitazame tafsiri. Mtafsiri aliona katika Kiingereza neno lenye maana ya wakati, akaandika "muda". Lakini Mswahili anaposema "kazi ya muda" au "makazi ya muda", anataja jambo lisilo la kudumu. Kwa hiyo "mnyororo wa muda", kwa kila asomaye Kiswahili bila kukifasiri upya kwa Kiingereza, ni mnyororo wa kushikiza tu hadi upatikane wa kweli. Karatasi ile iliendelea kumwagiza msomaji "alinganishe alama za muda". Hizo nazo, kwa Kiswahili, ni alama za kuchorwa na kufutwa.

Ndivyo alivyosoma yule bwana wa Lutindi, wala hakukosea kusoma. Gereji ziko mbali, naye alikuwa na spana zake na uzoefu wa miaka, akaifanya kazi nyumbani uani kwake. Kwa kuwa mnyororo ulitajwa kuwa wa muda, alitosheka na uliokwisha kutumika. Kwa kuwa alama zilitajwa kuwa za muda, alichora za kwake kwa chaki, akaosha vipuri kwa mafuta ya taa, na chaki ikafutika. Alama zilizogongwa kwenye giya hakuzijali, maana hakuna aliyemwambia kuwa ndizo. Alipopiga stata, injini iligonga mara moja ikanyamaza. Valvu zilikuwa zimepinda. Gari hilo ndilo lililokuwa likiwateremsha wagonjwa wa jirani hadi Korogwe.

Huenda mtu akasema: basi tuliache neno la gereji, "taimingi cheni", kwani mafundi wanalielewa. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuna uadui na maneno ya kukopa; pistoni, breki na spana ni mali yetu sasa. Hata hivyo tunaona kasoro mbili. Kwanza, "cheni" haihitajiki mahali ambapo mnyororo wa baiskeli umekwisha kutufundisha neno "mnyororo". Pili, gereji hulitumia "taimingi" kwa mambo mawili: mpango wa kufunguka kwa valvu, na pia wakati wa kuruka kwa cheche ya plagi. Fundi mzoefu hutambua lipi linasemwa, lakini anayejifunza kwa kusoma hana wa kumwuliza.

Sisi tunapendekeza "mnyororo wa zamu". Valvu za injini hufanya kazi kwa zamu: ya kuingiza hewa hufunguka na kufunga, kisha ya kutoa moshi hupata zamu yake. Neno hili analijua mlinzi wa usiku, muuguzi wa wodini na mtoto wa shule. Lina watoto pia: alama za zamu, giya ya zamu, na, kwa injini zisizo na mnyororo, mkanda wa zamu, ambao hautachanganywa tena na mkanda wa feni. Cheche nayo ibaki na "wakati wa cheche".

Twakiri kwamba "zamu" haielezi usahihi wa jino moja moja unaotakiwa. Lakini istilahi si fasili. Kazi yake ni kumwelekeza msomaji upande ulio sawa, na maelezo yamfikishe. "Muda" ulimwelekeza upande usio wake, na hakuna maelezo ambayo yangemrudisha.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na mwaka 1987 Rajmund Ohly alitoa Dar es Salaam kamusi ya awali ya ufundi ya Kiingereza na Kiswahili. Kwa hiyo hatuanzi mikono mitupu. Linalokosekana ni desturi ya kumpa fundi maelekezo ayasome kabla hayajapigwa chapa, na kumtazama anavyofanya kwa mikono. Lau karatasi ile ingesomwa kwanza chini ya mwembe wa gereji yoyote ya Korogwe, fundi angeuliza: wa muda, na wa kudumu uko wapi? Swali hilo moja lingeiokoa injini ya Lutindi.

Tunawaomba mafundi na walimu wa ufundi walijaribu "zamu" kazini, kisha watueleze kama linafaa au halifai.